Tupeane uzoefu: ulikuwa wapi siku Wisła Kraków wanabeba Kombe la Poland?

Wakuu salaam. Mlioko Poland na mliowahi kuishi huku, tukumbushane ile tarehe 2 Mei 2024. Naanza mimi.

Nilifika Kraków kusoma mwishoni mwa 2018, klabu ya soka ya Wisła iko hoi: wachezaji hawajalipwa, na Januari leseni ikasimamishwa. Ndipo Jakub Błaszczykowski, aliyekuwa nahodha wa taifa, akarudi nyumbani. Yeye na wafanyabiashara wawili wakaikopesha klabu zloti milioni 4, naye akakubali kucheza kwa mshahara wa zloti 500. Baba mwenye nyumba wangu alinisimulia habari hiyo huku machozi yanamlengalenga. 2022 wakashuka daraja hata hivyo.

Fainali niliitazama sebuleni kwake. Koulouris akawafungia Pogoń Szczecin dakika ya 75, na mzee akaanza kukusanya vikombe vya chai. Dakika za lala salama Satrústegui akasawazisha! Muda wa ziada haujafika mbali, Ángel Rodado akaweka la pili. 2-1. Mzee aliketi, vikombe bado mkononi. Kombe hili walilichukua mara ya mwisho 2003.

Mpanda_Tramu: Mkuu, mimi nilikuwa uwanjani Warszawa, jukwaa la Wisła. Lile la kusawazisha sikuliona, nilikuwa nimeinama na uso mikononi. Nilisikia kishindo, kisha mtu nisiyemjua akanikumbatia hadi nikakosa pumzi. Watu wasisahau kwamba hii ni timu ya ligi ya pili kwa ukubwa, na njiani iliwatoa Widzew Łódź na Piast Gliwice, wote wa ligi kuu.

Binti_Bandari: Poleni nasi wa upande wa pili. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Szczecin, na Pogoń niliwapenda kwa sababu wanaitwa Portowcy, watu wa bandari. Hawajawahi kubeba kombe kubwa hata moja. Siku ile mume wangu alishafungua dirisha ili tusikie mji ukilipuka. Baada ya filimbi mtaa ulikuwa kimya, tukalifunga. Ilikuwa fainali ya nne wanapoteza. 2025 wakarudi Warszawa, Legia wakawafunga 4-3. Bado nina skafu yangu.

Mpanda_Tramu: Dada, pole sana, kwa dhati.

Mwanzisha uzi: Pole dada. Sisi nasi furaha haikuwa bila majeraha: msimu uleule kwenye ligi Wisła walimaliza nafasi ya 10, hawakupanda. Lakini kombe liliwapeleka kwenye mashindano ya klabu za Ulaya. Agosti Cercle Brugge waliwafunga 6-1 pale Kraków, nikadhani mzee hataangalia marudiano. Akanipigia mwenyewe: njoo mapema. Wisła wakaenda Ubelgiji wakashinda 4-1, wakatolewa kwa jumla ya mabao, na mzee akasimama kuwapigia makofi mbele ya televisheni.

Wa Łódź na Gliwice mko wapi? Leteni zenu.