Mmiliki wa timu anataka mji umjengee jukwaa, la sivyo anahamia Unguja: tumjibu nini?

Mwalimu wa Hesabu (mwanzisha uzi)

Assalaamu alaykum. Nimo katika kamati ya watu saba tulioteuliwa hapa mjini kwetu Pemba kuzungumza na mmiliki wa timu ya mpira wa miguu inayotumia uwanja wa mji. Ametuletea barua akitaka mji uweke nyasi bandia na taa, ujenge jukwaa lenye paa, na umwachie mapato yote ya mlangoni na ya mabango kwa miaka 20, naye atalipa kodi ndogo kila mwaka. Tusipokubali kabla ya msimu ujao, anasema atahamishia timu Unguja. Vijana wameshaanza kutulaumu barazani kana kwamba timu imeshapanda meli. Mimi ni mwalimu, sikuzoea kupatana na watu wa biashara kubwa, na ningependa kujua miji mingine ilijibu nini ilipofikiwa na barua kama hii.

Ami wa Chake

Wa alaykum salaam, mwanangu. Kabla ya kuhesabu saruji, lipimeni tishio lenyewe. Uwanja wa Amaan huko Unguja, tangu ulipofunguliwa upya mwezi wa Disemba 2023 baada ya ukarabati mkubwa, ni uwanja unaogombewa. Mwezi wa Mei 2025 Simba walicheza hapo na RS Berkane mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na Agosti yake zikachezwa hapo mechi za CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Huyo bwana wenu akifika huko atakuwa mpangaji mmoja katika foleni, tena bila ya watazamaji wake, ambao wako huku. Muulizeni kwa adabu kama ana barua ya kukubaliwa huko anakokwenda. Kama hana, basi kinachowatisha ni jina la Unguja tu.

Mkunazini

Naongezea kwa mfano wa Marekani, ambako mchezo huu una wenyewe. Kuanzia 1995 hadi 2015 jiji la Los Angeles halikuwa na timu ya ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, na kwa miaka yote hiyo wamiliki katika miji mingine walilitumia kama fimbo: tujengeeni, au tunakwenda Los Angeles. Jiji tupu liliwafaa kuliko lenye timu. Hata hivyo Ami asilipuuze tishio moja kwa moja, maana wako walioondoka kweli. Mwaka 1984 timu ya Colts ilihama Baltimore kwenda Indianapolis usiku, vitu vyake vikiwa vimepakiwa katika malori, na watu wa mji wakaamka wakakuta hawana timu.

Mshika Kalamu

Mwalimu, mimi nimefanya kazi ya mikataba, na nakuomba usitumie nguvu zako zote kwenye bei ya jukwaa. Miji mingi hushinda kwenye bei ikashindwa kwenye vifungu. Isome habari ya St. Louis. Mji huo, pamoja na kaunti na jimbo la Missouri, ulijenga uwanja wenye paa kwa fedha za umma ili kuivuta timu ya Rams, ambayo ilihamia hapo 1995. Ndani ya mkataba wa miaka 30 kiliwekwa kifungu kwamba uwanja ule lazima uwe miongoni mwa robo ya viwanja bora vya ligi itakapofika 2005, na tena 2015, la sivyo timu ingekuwa huru kuondoka. Fikiria maana yake: kila mji mwingine ukijenga uwanja mpya, wako unashuka daraja ingawa hujaugusa. Ulipofika wakati wa kupima, wasuluhishi waliupa nguvu mpango wa timu wa kuukarabati kwa mamia ya mamilioni ya dola, mji ukakataa, na mwaka 2016 Rams wakarudi Los Angeles huku deni la ujenzi likiwa halijamalizika kulipwa. Mji ulishitaki, na mwaka 2021 kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 790, lakini timu haikurudi.

Kwa hiyo tafuta katika rasimu yenu maneno kama "kiwango kinachokubalika" au "hadhi ya kisasa". Yakiwamo, yafuteni, au andikeni vipimo vinavyoweza kupimwa na fundi.

Bibi wa Wete

Mimi nauliza la jikoni: nani atalipa umeme wa hizo taa, na nyasi zikichakaa nani atabadilisha? Nyasi bandia hazidumu miaka 20.

Mshika Kalamu

Bibi kagusa penyewe. Buffalo, mwaka 2022, walikubali kuchangia uwanja wa timu yao fedha nyingi sana, dola milioni 600 kutoka jimbo la New York na milioni 250 kutoka kaunti, na binafsi naona walitoa kupita kiasi. Ila waliandika kwamba gharama ikizidi makadirio, ziada ni ya timu. Makadirio yalikuwa dola bilioni 1.4, yakapanda hadi kupita bilioni 1.7, na nyongeza hiyo haikuwaangukia walipa kodi.

Mkunazini

Na msiambiwe kwamba uwanja utautajirisha mji. Wachumi wengi waliochunguza jambo hili wamekuta kwamba fedha ya kiingilio ni ile ile ambayo mtu angeitumia kwa pweza na mishikaki mtaa wa pili. Iliyo mpya ni ya mgeni aliyevuka bahari kuja kutazama, na mechi za namna hiyo kwenu ni chache. Jengeni kwa kuwa vijana wanataka kucheza, na hesabu zenu zianzie hapo.

Mwalimu wa Hesabu

Nashukuruni sana. Nimeisoma upya rasimu usiku huu, na kifungu cha tisa kinasema uwanja utunzwe "kwa hadhi inayolingana na viwanja vya Unguja". Vijana wakiniruhusu, nitaomba kifutwe, na mahali pake paandikwe kwamba timu ikihama kabla ya miaka 20 italipa sehemu ya gharama ya jukwaa kwa miaka iliyobaki. Je, jina na rangi za timu nazo zinaweza kuandikwa?

Mshika Kalamu

Zinaweza. Mji wa Cleveland, Marekani, walipoachwa na timu yao ya Browns, tangazo la kuhama likiwa la 1995, walibaki na jina, rangi na kumbukumbu zote za timu, na 1999 wakaanza upya kwa jina lile lile. Liandike kama kifungu chake peke yake, na rasimu uipeleke kwa mwanasheria kabla ya kikao.