Distro za jamii: kutoa haraka au kujaribu kwanza?

Swali
Wakuu, nataka distro (mfumo wa Linux uliofungashwa tayari) ya seva ya faili na nyingine ya kompyuta ya kuandikia programu. Vifurushi vya Debian vinachelewa, vya Arch vinafika mapema mno. Je, kusubiri kunapunguza hitilafu kweli?

Jibu la 1
Usihesabu siku, mkuu. Angalia kinachozuia kifurushi kibovu kisipite. Debian hukishikilia unstable (sehemu ya vifurushi vipya) siku 10, 5 au 2, kutegemea uharaka alioandika mtunzaji. Lakini kikileta hitilafu mpya ya kiwango cha kuzuia toleo, hakivuki kwenda testing (hatua ya kabla ya stable, toleo rasmi) hata kikikaa mwezi. Kikivunja majaribio ya autopkgtest (yanayoendeshwa na mashine yenyewe) ya vifurushi vinavyokitegemea, nacho hukwama. Siku zikipita bila mtu kukisakinisha, hakuna kilichojaribiwa. Distro ndogo huumia hapo: foleni wanayo, wajaribuji hawana.

Jibu la 2
Kuna pia suala la kinachojaribiwa. Agosti 2022, GRUB (programu inayowasha mfumo) ilisumbua watumiaji wengi wa Arch. Pacman, kisakinishi cha vifurushi cha Arch, ilisasisha kifurushi, lakini GRUB iliyokwisha kuwekwa kwenye diski ilibaki ya zamani kwa sababu grub-install, amri ya kuiweka kwenye diski, haikuendeshwa. Aliyeendesha grub-mkconfig peke yake alipata grub.cfg (faili ya mipangilio ya GRUB) yenye `fwsetup --is-supported`. GRUB ya zamani haikuijua hiyo nyongeza, ikatekeleza fwsetup tupu, na kila ukiwasha mashine unatupwa kwenye mipangilio ya UEFI (programu ya ndani ya mashine). Dawa: washa kwa USB, ingia kwenye mfumo wako kwa arch-chroot, endesha grub-install, kisha grub-mkconfig.

Jaribio la usakinishaji mpya lisingeligundua tatizo hilo, maana usakinishaji mpya huendesha grub-install. Lazima ujaribu pia kusasisha mfumo wa zamani, na wengi huruka hatua hiyo.

Jibu la 3
Nakubali, ila kusubiri kuna faida yake. Machi 2024, xz (programu ya kubana faili) 5.6.0 na 5.6.1 zenye mlango wa siri ziliingia Debian testing na Tumbleweed (distro ya openSUSE inayosasishwa kila mara). Debian stable haikuguswa. Hakuna jaribio la mashine lililozinasa. Aliyezigundua ni mtu aliyefuatilia kwa nini ssh (programu ya kuingia kompyuta ya mbali) imekuwa nzito.

Kwa hiyo seva weka Debian stable, na ukihitaji kitu kipya kichukue backports (hazina ya vifurushi vipya kwa ajili ya stable), hicho kimoja tu. Kompyuta ya kazi weka Tumbleweed: openQA, mfumo wa majaribio wa openSUSE, huisakinisha na kuisasisha kwenye mashine pepe kabla haijatolewa. Wifi yako na laptop kulala haviwezi kujaribiwa humo, kwa hiyo tumia Btrfs (mfumo wa faili) na Snapper (hupiga snapshot, yaani nakala ya hali ya mfumo). Sasisha kwa `zypper dup`, si `zypper up`. Ikiharibika, chagua snapshot ya zamani kwenye menyu ya GRUB, hakikisha inafanya kazi, endesha `snapper rollback`, kisha uwashe upya.