Mtu akisema mguu wake mzima si wake, daktari aukate?

Kibatari: Wakuu, tujadili bila matusi. Huko Falkirk, Uskoti, daktari wa upasuaji Robert Smith aliwakata watu wawili mguu mmoja mmoja, wa kwanza 1997, wa pili 1999. Miguu ilikuwa mizima kabisa: hakuna kidonda, kansa wala kisukari. Wenyewe waliona ule mguu hauwahusu, kama kitu cha mtu mwingine kilichogandishwa mwilini mwao. Habari ilipovuma mwaka 2000, hospitali ikamzuia asiendelee. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wa namna hii wakikosa daktari hujiumiza wenyewe. Siku hizi Shirika la Afya Duniani limeiweka hali hiyo kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11. Msimamo wangu: mwili ni wa mwenyewe, akatwe. Nyie je?

Nahodha: Mwili si mali yako, ni amana. Utarudishaje amana imepungua mguu? Na hizi habari za "nahisi" zimezidi. Ndiyo yaleyale ya waliokatwa miguu wanaodai kidole kinawauma, wakati kidole kishazikwa. Ni kutafuta kuhurumiwa tu.

Mama Wawili: Nahodha, mada hii nilitaka kuipita kimya, lakini hapo umenigusa pabaya. Baba yangu alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti kwa ajili ya kisukari. Saa nane za usiku nilimkuta amekaa kitandani, hajawasha taa, mkono unapapasa shuka pale ambapo vidole vingekuwepo. Akaniambia kidole gumba kimejikunja, kucha inachimba unyayo, na hawezi kukikunjua. Feni inazunguka na jasho linamtiririka. Gizani, peke yake, alikuwa anamtafuta nani amhurumie?

Nahodha: Pole dada. Sikumtaja mzee wako, nimesema kwa ujumla.

Mama Wawili: Humo kwenye ujumla ndimo alimo.

Mwalimu wa Zamu: Nahodha, mguu hukatwa, lakini sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiuhudumia hubaki pale pale. Daktari Mmarekani, Silas Weir Mitchell, alishaandika habari za viungo hivi mwaka 1871, baada ya kuwatibu askari wengi waliokatwa vitani.

Tena hata sisi wazima, ubongo ndio unaotuambia kila saa kipi ni chetu. Mwaka 1998 watafiti wawili, Botvinick na Cohen, walimkalisha mtu mezani, mkono wake ukafichwa nyuma ya ubao, mbele yake ukawekwa mkono wa mpira. Mikono yote miwili ikapigwa brashi laini kwa wakati mmoja, mahali palepale. Baada ya dakika chache watu wengi wakahisi brashi kwenye mpira, wakasema ule mkono ni wao. Brashi zikipishana, hisia hupungua sana. Macho na ngozi vikikubaliana, ubongo nao unakubali.

Nahodha: Mwalimu, mimi seremala, mwaka wa ishirini huu. Mikono yangu naijua kuliko hao wa maabara. Unaniambia nitaubadilisha kwa mpira? Hiyo ni dharau kwa watu wanaokula kwa mikono yao.

Mwalimu wa Zamu: Si dharau, ndugu yangu. Kiharusi kikipiga upande wa kulia wa ubongo, wapo wagonjwa wanaoukana mkono wao wa kushoto. Unamwinulia mkono wake mwenyewe, anakuambia ni wa nesi, au wa mgonjwa wa kitanda cha pili. Ana akili zake, jina lake analijua, watoto wake anawajua. Mkono tu ndio umemtoka.

Kibatari: Mnaona sasa! Ndicho ninachosema. Na wale wanaotaka kukatwa walipimwa ubongo, ikaonekana sehemu ya juu upande wa kulia haiitikii mguu ukiguswa.

Mwalimu wa Zamu: Utafiti wa 2011 huo, na watu wenyewe walikuwa wanne. Kwa watu wanne mimi sishiki msumeno.

Mtoto wa Pangani: Mama Wawili, samahani kuuliza. Huo mguu wa mzee mliuzikaje? Kwetu wazee husema ukizikwa umekunjwa, mwenyewe halali mpaka ufukuliwe unyooshwe.

Mama Wawili: Uliviringwa kitambaa cheupe ukazikwa, haukusaliwa kwa kuwa mwenyewe yu hai. Shangazi naye alisema hayo yako, akataka ufukuliwe. Ndugu wakagombana wiki nzima na baba bado halali. Kilichosaidia ni kioo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituonyesha, tukakibandua cha kabatini, tukakisimamisha katikati ya miguu. Mzee akitazama humo anaona mguu wa kulia umekaa mahali pa ule wa kushoto. Akaambiwa akunje vidole, akunjue, polepole. Siku ya nne akasema, "Kimeachia." Hakulia tangu akatwe, siku hiyo alilia.

Mtoto wa Pangani: Mjomba wangu alikatwa mkono. Kioo kitafaa?

Mwalimu wa Zamu: Ramachandran, mtafiti wa ubongo wa California, aliyekianzisha miaka ya 1990, alianza na watu wa mikono hasa. Ila si kila mtu kinamsaidia, aendelee na dawa za neva.

Kibatari: Jamani, na Falkirk? Hakuna aliyenijibu.

Mama Wawili: Nakujibu, Kibatari. Baba alikatwa kwa sababu mguu ungemuua, na bado ulirudi usiku kumtesa. Huyo wako anakatwa mzima. Mguu wake nao ukianza kuuma ukiwa haupo, daktari atakata nini tena?

Kibatari: Lakini yeye anasema tangu mwanzo hakuwahi kuuhisi kuwa wake. Si sawa na mzee.

Nahodha: Dada, kwa neno la huruma niliteleza, nisamehe. Kwa mkono wa mpira bado sijakubali. Glavu ninayo karakana, brashi za vanishi ziko mbili, ubao ndiyo kazi yangu. Kesho kijana wangu atazishika hizo brashi, nitarudi hapa kusema.