Mtoto kagoma kula mchicha kisa kifauongo, nimjibuje?

Mama Wawili wa Nyegezi
Habarini wapendwa, naombeni ushauri msinicheke. Jumapili nimepanda na wanangu kule juu kwenye mawe nyuma ya nyumba, wakakuta kifauongo, kukigusa tu majani yakajikunja, kelele zake wee. Sasa tokea siku hiyo mkubwa (ana miaka 8) hali mchicha, anasema mama kama kile kinajua kimeguswa basi na mchicha unajua unachumwa. Kauliza shuleni kaambiwa aache maswali ya kijinga, hapo ndo niliumia. Mimi biolojia niliishia fomu two 🙈 mimea ina akili au haina?

Kapuku Igoma
Mwambie mchicha ukishaungwa karanga haukumbuki kitu 😂😂

Mjomba Miche
Huyo mtoto ana kichwa, usimzime. Kifauongo hakina ubongo wala mishipa ya fahamu, ukikigusa unapita umeme kidogo mpaka kwenye kale kavimbe pale jani linapoanzia, seli za upande mmoja zinatoa maji zinanywea, jani linalala. Mwonyeshe hako kavimbe kanaonekana kwa macho. Ila utamu uko hapa, 2014 Monica Gagliano na wenzake walichapisha jaribio, walikuwa wanaangusha vyungu vya kifauongo toka kama sentimita 15 hivi, tena na tena, mwanzo majani yanajikunja baadae yakaacha, na walipovirudia baada ya siku 28 bado havikujisumbua. Wapo wanasayansi hawataki kabisa kusikia neno akili hapo, ubishi mpaka leo. Kwahiyo we usimpe jibu, mpe kopo na udongo apande chake.

Mtoto wa Mwaloni
Mi sio msomi ila nimekulia Kirumba. Msiishie kwenye majani, mpeleke akaone kamongo. Yule samaki ana mapafu, lazima aje juu avute hewa, ukimbana chini anakufa maji, samaki!! Na dimbwi likikauka anajichimbia kwenye tope anasubiri mvua. Halafu furu, kale kasamaki tunakokadharau, jike anaatamia mayai mdomoni na vitoto vikitishwa vinarudi humo humo.

Mama Wawili wa Nyegezi
Mrejesho. Tumekipanda kwenye kopo la rangi, binti anakigusa kwa kijiti huku anahesabu, kufika mara ya tisa kikawa kinajikunja kivivu, akaniambia "mama kimenizoea". Mdogo wake kakimwagia uji.

Mjomba Miche
Safi, sasa mbishie. Mwambie labda kimechoka tu. Akiacha kukigusa akatikisa kopo na kikajikunja fasta, basi hakijachoka. Hata wale watafiti walifanya hivyo hivyo. Usiku kiwekeni kabatini, Mfaransa mmoja de Mairan alikifungia gizani 1729 na asubuhi kikafunguka vilevile bila kuona jua.

Kapuku Igoma
Na ule uji je, kiliukumbuka? 😂

Mama Wawili wa Nyegezi
Kimejikunja!! Karuka huyo mpaka kapiga kichwa kwenye meza. Kamongo baba yao amekataa, kasema ndoo haiingii ndani kwake. Mchicha kala jana, ila wa gengeni tu, ule wa bustanini kasema wanajuana.