Nimenunua RAM bure: kitini cha kozi kinafundisha kuita kerneli kwa njia ya biti 32 kwenye mashine za biti 64

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na sitaificha. Nimepoteza wiki tatu na shilingi 55,000 za RAM kwa kosa lisilo langu, na wenzangu kumi na ushee niliosoma nao bado wanaamini mashine zao ndizo mbovu.

Chuo sikitaji. Kipo hapa Arusha mjini, kozi ya jioni, wiki nane, ada unalipa yote kabla ya kukaa kwenye kiti. Tangazo lilisema tutajifunza kuandika programu zisizotegemea maktaba sanifu ya C: hakuna printf ya kuchapisha, hakuna malloc ya kuomba kumbukumbu, kila unachotaka unaiomba mwenyewe kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux. Mimi ni fundi kompyuta, nina meza yangu Ngarenaro, na hilo ndilo nililokuwa nalitafuta miaka yote. Programu ndogo ya C ukiiunganisha na maktaba nzima ndani yake inafika mamia ya kilobaiti, kwa kazi ya kuandika mstari mmoja tu kwenye skrini. Nilitaka kuona kazi yenyewe ni ipi.

Kazi yenyewe haina uchawi. Programu ya kawaida hairuhusiwi kugusa skrini wala diski. Inaweka namba ya huduma kwenye rejista moja (kihifadhi kidogo ndani ya prosesa), inapanga vinavyohitajika kwenye rejista nyingine, halafu inapiga amri moja na prosesa inaingia upande wa kerneli. Ikirudi, jibu liko kwenye rejista. Basi. Kwa hiyo kila kitu kinategemea namba ipi, rejista zipi, amri ipi. Ukikosea kimoja hakuna kompaila (programu inayotafsiri msimbo wako) wa kukuonya.

Kitini chao kinafundisha hivi: 4 (namba ya kuandika) kwenye rejista eax, 1 (skrini) kwenye ebx, anwani ya maneno kwenye ecx, urefu kwenye edx, kisha amri ya kuingia kerneli, int 0x80. Somo la kwanza "Habari Arusha" ikatokea, darasa zima likafurahi. Somo la nne tukaambiwa tugeuze hesabu kuwa herufi, tuziweke kwenye staki (sehemu ya kumbukumbu ya data za muda), tuzichapishe. Nikaendesha. Skrini tupu. Hakuna ujumbe wa kosa, na echo $?, amri ya kuuliza programu imeishaje, inasema 0, maana yake programu imemaliza salama.

Nikanyoosha mkono. Mwalimu akaja, akatazama kompyuta yangu, hakutazama hata mstari mmoja wa nilichoandika. "Kijana, hiyo ni ya mtumba. RAM imechoka, ndiyo maana staki inapoteza data." Mbele ya watu. Fundi mimi! Lakini ni mwalimu, nikasema sawa mwalimu, kesho yake nikapanda kifodi kwenda kununua RAM. Nikaifunga, nikaendesha. Tupu vilevile. Dada mmoja aliyekaa nyuma yangu alipata tatizo hilohilo kwenye mashine mpya kabisa, akaambiwa apige Linux upya. Akapiga. Akapoteza na picha zake.

Usiku mmoja nikaamua kwenda na gdb, programu ya kukagua programu nyingine, amri moja baada ya nyingine. Kabla ya int 0x80 nikauliza staki iko wapi: 0x7fffffffe0c0. Nikapiga hatua moja, nikauliza rax (eax kwa upana wake wa biti 64) ina nini: -14. Kumbe kerneli ilikuwa inajibu siku zote! Jibu hasi kati ya -1 na -4095 ni kosa, na 14 ni EFAULT, yaani anwani uliyonipa haifai. Kitini chenye kurasa themanini hakina mahali hata pamoja panapomwambia mwanafunzi asome jibu.

Sababu ni hii. int 0x80 ni mlango wa programu za biti 32. Ukiupita ukiwa kwenye programu ya biti 64, kerneli inachukua nusu ya chini tu ya kila rejista. Anwani yangu ikakatwa, ikabaki 0xffffe0c0, mahali ambapo programu yangu haina kitu. Somo la kwanza lilikubali kwa sababu maneno yalikuwa sehemu ya data, kwenye 0x402000, anwani fupi inayoenea ndani ya biti 32. Ilikuwa bahati, wao wakaifundisha kama kanuni. Prosesa za x86-64, hizi za biti 64 za kompyuta zetu, zipo sokoni tangu 2003!

Ngojeni, haijaisha. Ukurasa wa mwisho kuna sentensi moja: "kwenye mashine mpya tumia syscall badala ya int 0x80." Sentensi moja! Nikabadilisha amri kama walivyosema, nikapata Segmentation fault, yaani programu imegusa kumbukumbu isiyo yake ikaangushwa. Kwa nini? Kwa sababu namba nazo ni tofauti. Kwa x86-64 namba 4 ni stat (kuuliza habari za faili), kuandika ni 1, kutoka ni 60. Pale nilipoomba kutoka kwa namba 1 ya zamani, kerneli ilielewa naomba kuandika, ikajaribu, ikanirudisha, na programu ikaendelea kukimbia kupita mwisho wake mpaka ikaanguka.

Nikarekebisha namba, nikapanga rejista zake: rax namba, halafu rdi, rsi, rdx, r10, r8, r9. Nikaandika kitanzi cha kuchapisha mara tano, hesabu nikaiweka rcx. Kikachapisha bila kukoma hadi nikakikata kwa Ctrl+C. Amri ya syscall yenyewe inaweka anwani ya kurudia ndani ya rcx na bendera za hali ya prosesa ndani ya r11, kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa inafutwa kila mzunguko. Ndiyo maana pia kitu cha nne unachoipa kerneli kinakaa r10 na si rcx kama kwenye funksheni za C. Kitini kinasema rcx. Nimehesabu, kinasema hivyo mara tatu.

Mwenzangu wa Moshi alichukua kozi hiyohiyo, akaenda kuandika kwenye Raspberry Pi ya biti 64, kompyuta ndogo yenye prosesa ya aina nyingine (ARM), kwa kutumia jedwali la namba la kitini. Huko amri ni svc #0, namba inakaa x8, kuandika ni 64, kutoka ni 93. Amehangaika mwezi mzima.

Nimempigia mwalimu. Akasema "hayo ni mambo ya juu sana kwa wanaoanza." Hapana, mwalimu. Huo ni mlango wa kuingilia, na watu wamelipa kuonyeshwa ulipo.

Mwenye kitini hicho, jalada la bluu: futa jedwali la ukurasa wa 12, andika amri, namba na rejista nilizoweka hapo juu, na baada ya kila wito soma rax kabla hujanunua chochote. Jumatatu saa kumi na moja jioni naenda ofisini kwao na risiti ya RAM na gdb ikiwa wazi kwenye skrini. Mliosoma nami, njooni na zenu. Dada wa picha, hasa wewe.