Mazingaombwe ya uzi: nikivuta uzi "uliojiunga" unakwama katikati

vidole_vitano
Wakuu, naomba msaada kwenye mchezo wa uzi unaokatwa vipande kisha unarudi mzima. Natumia nyuzi mbili za sm 60 kutoka rola moja. Mmoja unaonekana, wa pili umekunjwa kuwa kidonge (kidonge kidogo cha uzi) kilichofichwa kati ya kidole gumba na cha shahada, mkono wa kushoto. Kukata, kuviringisha vipande viwe kidonge cha pili, na kubadilisha vidonge hivyo viwili sina shida. Tatizo ni mwishoni: uzi mzima unafunguka kama sm 20, unakaza, fundo linatokea. Nikilazimisha, kidonge cha vipande kinachomoka na kudondoka mbele ya watu. Kidonge nakitengeneza kwa kuzungusha uzi kwenye ncha ya kidole, nauvua, nauviringisha ukaze. Nakosea wapi?

NtaNaUzi
Umejijibu, mkuu: "nazungusha kwenye ncha ya kidole". Kila mzunguko unaouvua kwenye kidole unaacha msokoto mmoja ndani ya uzi. Sm 60 ni kama mizunguko 12, kwa hiyo misokoto 12, yote ya upande mmoja. Uzi uliosokotwa kupita kiasi haulali. Unajikunja vitanzi, kitanzi kinapita ndani ya kitanzi, ndilo fundo lako hilo.

Zungusha kwa umbo la nane. Chomeka njiti mbili za kiberiti kwenye kipande cha sponji, ziachane sm 2. Acha mkia wa sm 2, piga nane kumi. Kila moja inakula kama sm 5. Nusu ya nane inausokota uzi kulia, nusu ya pili inausokotoa kushoto, mwisho wa hesabu ni sifuri. Zikibaki sm 8, vua, zungushia kiunoni mwa nane hizo (pale katikati zinapokatana) mara nne bila kubana na bila kupenyeza ncha popote. Mkia wa nje ubaki kama sm 4. Kunja pamoja, bonyeza. Usiviringishe! Kuviringisha ni kwa vile vipande, ambavyo havitafunguliwa tena.

Wakati wa kuvuta, anza na mkia mrefu. Ule unafungua kiuno, kisha nane zinatoka moja moja. Ukianza na mfupi unavuta kutoka chini ya mzigo wote, na hapo hata nane haitakuokoa.

pamba_tupu
Nakubaliana, ila hakikisha kwanza uzi ni wa pamba. Choma ncha yake: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha kitone kigumu. Poliesta ni kama springi, kidonge kinajifungua chenyewe ndani ya vidole, na kuikata kwa mikono ni kujichana ngozi.

Kukata: zungusha uzi mara moja kwenye kila kidole cha shahada, vidole viachane kama sm 10, piga mshtuko mmoja. Ukivuta polepole unaumia bure. Na usikunje nyuzi nne ukazikata kwa mpigo. Kata kimoja kimoja. Vipande saba au nane vinatosha kabisa.

vidole_vitano
Nimechoma, kimeyeyuka. Aibu. Nimetafuta wa pamba, nimepiga nane, sasa unafunguka hadi mwisho. Yamebaki mawili: uzi mzima unatoka na mawimbi kama nywele zilizofumuliwa, na vipande bado vinateleza.

NtaNaUzi
Mawimbi yanazidi kidonge kikilala siku nyingi, kwa hiyo kitengeneze siku ileile. Halafu uzi unaoonekana nao upige nane, uubonyeze, uufungue kabla ya kuanza. Zote mbili zikiwa na mawimbi, hakuna wa kuuliza.

Vipande: nta ya nyuki kiasi cha kichwa cha pini, ipakwe ubavuni mwa kidole cha kati cha kushoto, upande wa gumba. Ukigeuza vidonge, gumba linakibandika cha vipande pale, nawe unabaki umebana mkia mfupi tu. Usipake kwenye uzi, na usizidishe, la sivyo nta itaushika hata uzi mzima. Mshumaa wa kawaida ni mgumu mno, haushiki.

Kuvuta kuchukue sekunde tano au sita, mikono ikienda pembeni si juu. Eugene Burger wa Marekani alikuwa akiufanya mchezo huu bila haraka hata kidogo, na utulivu ule ndio unaowafanya watu wauangalie uzi badala ya vidole.

vidole_vitano
Na vipande navitupa wapi? Watu wanataka kuushika uzi papo hapo.

pamba_tupu
Wape kwa mkono wa kulia. Wakiwa wanaukagua, wa kushoto unaokota rola mezani, na kidonge unakisukuma kwa gumba ndani ya tundu la rola. Jaribu kwanza kama tundu linakipokea. Rola nyingine zina karatasi imeziba upande mmoja, hiyo ipasue mapema.