Naomba ushauri: losheni yangu ya alizeti inanata, na wanga wa muhogo umeiharibu

Mkulima_Nkuhungu
Heshima kwenu wanajukwaa. Ninatengeneza losheni ya mafuta ya alizeti hapa Dodoma. Wateja wanasifu kwamba ngozi haipauki, ila wanalalamika kuwa inanata, na upepo wa Agosti ukivuma vumbi jekundu huganda mikononi. Niliposikia kwamba wanga hunyonya mafuta, nilikoroga vijiko 4 vya wanga wa muhogo katika maji ya moto ya losheni, ukawa uji mzito uliopendeza kweli. Baada ya wiki mbili maji yalikuwa yamejitenga, uji umekuwa wa kuvutika kama mpira, na chini ya kifuniko kulikuwa na ukungu wa kijani. Mteja mmoja amerudisha kopo amenuna, na haki anayo. Kwenye losheni ya dukani nimesoma kiambato kiitwacho aluminiamu stachi oktenilsaksineti. Je, ni wanga huohuo? Na aluminiamu hiyo haidhuru?

Mkemia_Kikuyu
Ndugu, wanga mbichi ukipata maji yenye joto la nyuzi 60 na kuendelea huvimba na kupasuka, ndiyo maana ulipata uji; ukipoa na kukaa, minyororo ya molekuli zake hujikaza upya na kuyatema maji. Ukungu nao umekuta chakula mezani, kwani hukutaja kihifadhi chochote, yaani kiambato cha kuzuia ukungu na vijidudu.

Kiambato ulichokisoma kimetokana na wanga, lakini kimeungwa kikemia na sehemu inayopenda mafuta, kisha chumvi ya aluminiamu, hivyo hakiloani ovyo wala hakifanyi vibonge. Gramu 1 hadi 5 katika gramu 100 za losheni huondoa mng'ao na kuacha ngozi laini kama iliyopakwa poda. Wataalamu wa usalama wa vipodozi nchini Marekani walikipitisha, kwa sharti kwamba metali nzito zidhibitiwe. Vaa barakoa unapokipima, kwa sababu ni unga mwepesi sana.

MamaNta_Majengo
Mdogo wangu, usiutupe muhogo, ondoa maji. Yeyusha alizeti na nta ya nyuki, epua, na ukingo wa sufuria ukianza kuganda ndipo uchekeche wanga mkavu kwa chujio la chai huku ukikoroga. Mimi huweka gramu 5 kwa gramu 100. Nilipozidisha hadi 15, mafuta yalikuwa na chembechembe, mume wangu akaniuliza kama nimempaka sembe.

Mkemia_Kikuyu
Naafiki, mradi kopo na kijiko viwe vikavu kabisa. Losheni yenye maji haiuziki bila kihifadhi, na kabla hujaipeleka sokoni pita TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambao ndio wanaosimamia vipodozi tangu 2019.

Mkulima_Nkuhungu
Nimewaelewa, wakubwa. Losheni ninaisimamisha, na makopo yaliyokwisha kuuzwa ninayakusanya kuanzia kesho. Mama, nta unaweka kiasi gani?

MamaNta_Majengo
Gramu 15 kwa 100. Mwezi wa kumi na moja, joto likizidi, ongeza hadi 20.